UZI: Njeo ("tenses") 12 za Kiingereza umezikariri zote, mbona bado unakwama? Mchawi ni -me-, -na- na -w- zetu

#1 Mkaguzi wa Nukta

Wadau, salaam.

Nasahihisha Kiingereza cha watu: barua za maombi ya kazi, ripoti, insha, mara nyingine hata barua za mapenzi (hizo nazisoma nikiwa nimefumba jicho moja). Kwa miaka yote hiyo nimeona kwamba makosa ya njeo hayaji ovyo ovyo. Ni yaleyale, mahali palepale, kwa mtu wa shahada na kwa aliyeanza jana. Jedwali la njeo wanalijua. Ukimwamsha mtu usiku wa manane atakutajia njeo zote 12 bila kumeza mate. Sasa mwambie aandike "Amefika jana", anakuandikia "He has arrived yesterday."

Kosa hilo limetoka kwenye Kiswahili chake, tena Kiswahili safi kabisa. Ndiyo maana nafungua uzi huu. Sitawapa jedwali, mnalo.

Kwanza tulivue hilo jedwali kilemba. Kwa umbo lake, kitenzi cha Kiingereza kina njeo mbili tu, kama "write" na "wrote". Wakati ujao hauna umbo lake, unaazima "will". Hayo mengine yote yanajengwa kwa kuongeza "be" na "have". Hizo 12 ni nyakati 3 ukizidisha kwa namna 4 za kulitazama tendo, basi. Kila sentensi inakuuliza maswali mawili: tendo ni la lini, na unalitazamaje? Zima zima, likiwa linaendelea, likiwa limekwisha ukilinganisha na wakati fulani, au hayo mawili ya mwisho kwa pamoja?

Na sisi tunafanya hivyohivyo. Angalia:

Alikuwa akiandika: "She was writing."
Alikuwa ameandika: "She had written."
Atakuwa ameandika: "She will have written."

Kitenzi cha kwanza kimebeba wakati, cha pili kimebeba hali. Kiingereza nacho, sawasawa. Kwa hiyo ile "Past Perfect" inayowatoa watu jasho darasani ndiyo rahisi kuliko zote kwa Mswahili. Ukiona kichwani mwako kuna "alikuwa ame-", andika "had" uendelee na safari. Kinachotuangusha ni hivi vidogo vya kila siku.

-ME-

Hila yake ya kwanza nimeshaitaja. Kiswahili hakioni tabu kusema "amefika jana" au "amezaliwa mwaka 2001". Kiingereza kinakataa. "Have" na "has" zinafunga tendo kwenye sasa hivi. Ukishataja wakati uliokwisha, jana, juzi, 2001, ile kamba imekatika: "He arrived yesterday." Na swali "When have you arrived?" ni kosa hilohilo limevaa kanzu, maana "when" inatafuta wakati uliokwisha. Sema "When did you arrive?"

Hila ya pili ndiyo mbaya zaidi kwa sababu haionekani. Mara nyingi -me- yetu haizungumzii tendo lililokwisha, inazungumzia hali ambayo mtu yumo sasa. "Amelala" maana yake yuko usingizini. Ukiandika "He has slept" umesema alipata usingizi wake, na huenda sasa hivi yuko macho anakusoma. Amelala ni "He is asleep." Amesimama, "He is standing." Amevaa kofia, "He is wearing a hat." Nimechoka, "I am tired." Nimeelewa, mara nyingi ni "I understand" tu.

Hila ya tatu inageuza meza. "Ninaishi hapa tangu 2015." Hapo hakuna -me- hata moja, lakini Kiingereza kinadai "have": "I have lived here since 2015." Jambo lilianza zamani na bado lipo, basi ile kamba inarudi. Ukiandika "I am living here since 2015" msomaji atakuelewa, ila atajua hukuzaliwa nayo.

-NA-

"Ninasoma" inabeba mizigo miwili: "I read" na "I am reading." Nina kipimo changu. Jaribu kuweka hu- mahali pa -na-. Kama "husoma kila asubuhi" inakaa vizuri na maana haijaharibika, ni "reads". Kama hu- inaivunja sentensi ("sasa hivi yeye husoma", hapana), ni "is reading".

Kipimo kinakwama kwa vitenzi vya akilini na vya kumiliki: "know", "believe", "need", "own", "belong". Hivyo kwa kawaida havitaki "-ing", hata kama jambo ni la dakika hii. "I am knowing" msiniletee.

-TAKAPO- na -NGE-

Haya nayapitia mbiombio. "Atakapofika nitakuambia": sisi tunaweka wakati ujao pande zote mbili, Kiingereza upande mmoja tu. "When he arrives, I will tell you." Vivyo hivyo "ningejua, ningekuambia": -nge- mbili kwetu, "would" moja kwao, na upande wa pili unavaa umbo la wakati uliopita ingawa hausemi lolote kuhusu jana. "If I knew, I would tell you." Ningalijua: "If I had known, I would have told you." Kila "if I would" mnayoiandika inatoka kwenye ile -nge- ya kwanza.

Kutendwa ("passive", ile -w- ya "imeandikwa") nitakuja nako kesho. Huko ndiko kwenye vituko.

#2 Chaki Mkononi

Mkuu, heshima yako. Ila mimi ni mwalimu na sitakubali jedwali litupwe dirishani. Asiye na jedwali hana pa kushika. Wewe unasahihisha watu ambao tayari wanalo, ndiyo maana unaliona ni mzigo.

Na umesahau safu ya tatu ya vitenzi, ile ya "gone" na "written". Mwanafunzi wangu anajua kabisa kwamba hapa panatakiwa "have", kisha anaandika "I have went" na "She has wrote". Njeo ameipata, umbo limemponyoka. "Go, went, gone" na "write, wrote, written" hazina njia ya mkato, ni kuzisoma kwa sauti mpaka sikio lizizoee. Bahati nzuri wapo akina "cut", "put" na "hit" ambao hawabadiliki kabisa. Hao ndio wanaopendwa na wanafunzi wangu.

#3 Mkaguzi wa Nukta

Mwalimu, nimekubali kuhusu safu ya tatu, tena kesho utaona ndiyo mhimili wa kutendwa. Jedwali nalo libaki, ila liwe ramani. Mtu asikae juu ya ramani akadhani amesafiri.

#4 Ninapita Tu

Swali la haraka. Kwenye filamu za Marekani nasikia "I already ate." Kwa maelezo yako ilitakiwa "I have already eaten." Wanakosea?

#5 Mkaguzi wa Nukta

Hawakosei. Wamarekani wengi hutumia wakati uliopita wa kawaida pamoja na "already", "just" na "yet" mahali ambapo Mwingereza angeweka "have". Zote zinakubalika kwa wenyewe. Kwenye mtihani unaofuata Kiingereza cha Uingereza, bakia na "have". Na uchague njia moja ndani ya andishi moja.

#6 Simu Imekwenda

Wakuu, nisaidieni, nimechekwa kazini na sijui nilipokosea. Nilimwandikia bosi barua pepe: "I was stolen my phone." Nimeibiwa simu, siyo? Kitenzi nimekiweka safu ya tatu kama mwalimu anavyotaka, "was" ipo. Kosa liko wapi?

#7 Mkaguzi wa Nukta

Pole kwa simu, ndugu yangu. Ulichoandika kinasikika kana kwamba mtu alikubeba wewe begani akakimbia nawe, halafu simu ikabaki inaning'inia mwisho wa sentensi haina kazi. Basi nisingoje kesho, tuingie kwenye kutendwa kupitia mlango huu.

Kanuni yenyewe ni fupi mno. Chukua "be", ongeza kitenzi cha safu ya tatu. Yule aliyetendwa anakaa mbele, mtenda anasukumwa nyuma na "by" au anaachwa kabisa. Wakati wote unabebwa na "be". Kitenzi kikuu hakisogei, "written" ni "written" toka mwanzo hadi mwisho:

Barua huandikwa: "The letter is written."
Inaandikwa: "is being written."
Iliandikwa: "was written."
Ilikuwa ikiandikwa: "was being written."
Imeandikwa: "has been written."
Ilikuwa imeandikwa: "had been written."
Itaandikwa: "will be written."

Ukitaka kugeuza sentensi ya kutenda, jiulize kitenzi chake kiko njeo gani, kisha ivishe "be" njeo hiyohiyo. "Asha is writing the letter": "is writing" ni ya kuendelea, basi "be" ya kuendelea ni "is being". Yamekwisha. Kuna ile "has been being written", ambayo kwa kanuni inawezekana, ila ukiitumia watu watakutazama vibaya.

(Hiyo "is being written" ni kijana mdogo. Zamani Mwingereza alisema "The house is building" akimaanisha nyumba inajengwa. "Is being built" ilianza kuonekana mwishoni mwa karne ya 18, na katika karne ya 19 wapo wasomi walioipiga vita wakiiona ni uharibifu wa lugha. Leo tunaifundisha watoto.)

Sasa, simu. Tazama ndani ya neno "ibiwa": ib-i-w-a. Kabla ya -w- kuna -i-, ile ya kutendea. Hiyo ndiyo inayomwingiza aliyeguswa na tendo, yaani wewe, na ikishamwingiza, -w- inamkalisha kiti cha mbele: *ni*meibiwa. Kiingereza hakina -i- hiyo. Kwa "steal", kinachokaa kiti cha mbele ni kitu kilichochukuliwa: "My phone has been stolen." Ukitaka lazima wewe ukae mbele, badilisha kitenzi, "I was robbed", maana "rob" anayetendwa ni mtu. Au sema "I had my phone stolen."

Mtego huu upo hata nje ya familia ya -iwa na -ewa. "Tulielezwa sababu" watu wanaandika "We were explained the reason." Hapana: "The reason was explained to us." Vivyo hivyo "describe", "suggest", "announce", "say". Lakini wapo wanaokubali mtu akae mbele: "give", "tell", "show", "send", "teach", "offer", "pay". "Nilipewa barua" ni "I was given a letter", bila wasiwasi. Hakuna alama usoni pa kitenzi ya kukuonyesha ni wa kundi lipi. Hapo namrudia Chaki Mkononi: ni sikio.

#8 Mtoro wa Hisabati

Sasa mzee, "nilifiwa na baba" nitaitendaje? "I was died by my father"? 😂

#9 Mkaguzi wa Nukta

Cheka, lakini nimewahi kuikuta imeandikwa kwenye ombi la ruhusa, na mwenye msiba hakuwa anatania.

"Die" haina mtendwa. Hakuna mtu "anayefwa". Kitenzi cha Kiingereza kisichoelekea kwa mtu au kitu hakiwezi kugeuzwa: "happen", "arrive", "occur", "die", "disappear". Kwa hiyo "The accident was happened" ni kosa, sema "The accident happened." Kiswahili kinatoboa ukuta huo kwa ileile -i- ya kutendea: nilifiwa, tulinyeshewa, alifikiwa na wageni, wameharibikiwa. Kiingereza kinageuka na kutumia njia nyingine. "My father died", au "I lost my father." Tulinyeshewa kina bahati, kipo kwa msaada wa kineno cha mwisho: "We were rained on."

#10 Mama Wawili

Kaka, asante sana. Mwanangu aliniuliza tofauti ya "mlango umefunguka" na "mlango umefunguliwa" kwa Kiingereza, nikajifanya naitwa jikoni.

#11 Mkaguzi wa Nukta

Dada, swali la mwanao ni zuri kuliko yote humu.

-k- yetu inasema tendo limetokea kwa kitu chenyewe, aliyefanya hayumo hata kwa mawazo. -w- inasema yupo mtu, ingawa hatajwi. Kiingereza hakina kiambishi cha -k-, lakini kinaweza kukitumia kitenzi kilekile bila "be". "The door opened" ni mlango ulifunguka. "The door was opened" ni ulifunguliwa. "The glass broke", kilivunjika. "The glass was broken by the children", kilivunjwa na watoto.

Ukiondoa "by the children", "The glass was broken" inakuwa na sura mbili: kilivunjwa, au kilikuwa kimevunjika ulipokiona. Kiswahili kinazitenganisha, Kiingereza kinakuachia ukisie kutokana na sentensi za jirani. Hapo lugha yetu imewazidi, na sioni haya kusema.

Kuna -k- nyingine ya kuwezekana. "Mwandiko wako hausomeki" si "is not read". Ni "Your handwriting can't be read", au ukitumia kivumishi, "is unreadable".

#12 Mwandishi wa Ripoti

Mimi nina ugomvi na kompyuta. Kila nikiandika sentensi ya kutendwa, programu inaichorea mstari na kunishauri nitumie ya kutenda. Bosi naye anasema "passive" ni ugonjwa. Ni kosa kweli?

#13 Mkaguzi wa Nukta

Si kosa. Programu inahesabu, haisomi. Kutendwa ni chaguo la nani akae mbele. Kama mtenda hajulikani, kama kila mtu anamjua, au kama hana umuhimu, mwache. "The suspect was arrested": nani hukamata watuhumiwa? Kutaja polisi ni kupoteza wino. Kwenye ripoti ya maabara, "The water was heated to 80 degrees" inamweka mbele anayehusika, yaani maji. Aliyeshika jiko hatumhitaji.

Bosi wako ana haki pale ambapo mtu anajificha. "The report was not submitted on time." Na nani? Wanasiasa wanaujua mlango huo wa nyuma vizuri. Januari 1987, Rais Ronald Reagan akilihutubia Bunge la Marekani wakati wa kashfa ya kuiuzia Iran silaha kwa siri, alisema "serious mistakes were made". Makosa makubwa yalifanyika. Yalifanywa na nani, sentensi haisemi, na kisarufi haina deni la kusema. Tazama na tafsiri yangu: nimeandika "yalifanyika" bila kufikiri, nikamsaidia kujificha zaidi, maana -k- imemfuta hata yule mtu ambaye -w- ingemwacha nyuma ya pazia.

Kwa hiyo kila sentensi ya kutendwa kwenye ripoti yako iulize "na nani?" Kama jibu linamhusu msomaji na umelificha, igeuze. Vinginevyo iache, mstari wa kompyuta hauumi.

#14 Chaki Mkononi

Naomba niongeze "na" na "kwa". Aliumwa na nyoka, "by a snake". Ilikatwa kwa kisu, "with a knife". "By" ni ya mtenda, "with" ni ya chombo. Wanafunzi wangu wanaandika "cut by a knife", kisu kinakuwa na miguu yake.

Na "ameolewa na Juma" si "She is married by Juma". Kwa Kiingereza hicho, Juma ndiye aliyefungisha ndoa. Sema "She is married to Juma."

#15 Mtoro wa Hisabati

Hiyo ya Juma imeniua 😂. Kumbe wasifu wangu wa mtandaoni unasema niliozwa na mke wangu. Naenda kubadilisha sasa hivi.

#16 Mkaguzi wa Nukta

Tujipime basi. Tafsirini, kila moja ina mtego wake:

1. Barua imeandikwa lakini haijatumwa.
2. Mtoto amelala.
3. Nilipofika, mlango ulikuwa ukifungwa.
4. Tulielezwa sababu.
5. Daraja litakapokamilika, barabara itafunguliwa.

#17 Simu Imekwenda

Najaribu, msinicheke.

1. The letter has been written but it has not been sent.
2. The child is asleep.
3. When I arrived, the door was being closed.
4. The reason was explained to us.
5. When the bridge will be finished, the road will be opened.

#18 Mkaguzi wa Nukta

Ya tatu imenifurahisha, wengi wangeandika "was closed" wakamfungia mtu nje kabla hajafika. Ya nne umeipata kwa uchungu wa simu. Ya tano una "will" moja ya ziada, rudi kwenye -takapo-.

#19 Simu Imekwenda

When the bridge is finished, the road will be opened.

Na ya simu nimeirekebisha, nimemtumia tena bosi. Amejibu: "Has it been found?"

#20 Mkaguzi wa Nukta

Imepatikana?

#21 Simu Imekwenda

"It has not been found." Naandika kwa ya jirani.